Jinsi Nilivyogeuza Chai ya Rungwe Kuwa Uji

Kosa langu la kwanza katika kazi ya video lilikuwa kuamini kwamba kikubwa ndicho kizuri. Kompyuta inapokuuliza video itoke na picha ya ukubwa gani, vipicha vingapi, yaani fremu, kwa sekunde, data kiasi gani, inakupa vitelezi vya kusogeza. Mimi nilivisukuma vyote kulia mpaka vikagota. Kungekuwa na kitelezi cha kuongeza mvua ningekisukuma nacho. Video yangu ya kwanza ya harusi, ya dakika chache tu, ikatoka faili zito kiasi kwamba flashi ya bwana harusi iliikataa, simu yake ikaikataa, na laptopu yangu ikanguruma kama mashine ya kusaga halafu ikajizima kwa hasira. Bwana harusi aliiona ndoa yake kwa mara ya kwanza kwenye kompyuta ya shemeji yake, ikikwama kila bibi harusi anapoinua mguu.

"Kaka Gwamaka," akaniambia, "mbona mke wangu anatembea kama kakanyaga mayai?"

Wadogo zangu wa kwaya na wa kamera, nawaandikia kwa sababu hakuna wiki inayopita bila mmoja wenu kunitumia ujumbe: "Kaka, kwenye kurenda nichague nini?" Kurenda, kwa msiojua, ndilo neno letu la kuitoa video kwenye kompyuta ikiwa imekamilika, tayari kwa watu. Nimeamua niwajibu wote kwa pamoja, nikiwa mstaafu. Msicheke. Ni kweli sijafika miaka thelathini na mitano na nywele zangu zote zipo, lakini nimestaafu. Macho yaliomba likizo, mgongo ukaomba uhamisho, na sasa nina kitalu cha miche ya parachichi Mpuguso, ambako hakuna jani linalokwama. Nina furaha ya kijinga. Asubuhi natoka na ndoo ya kumwagilia huku naimba, nakuta mvua ya Tukuyu imeshanimalizia kazi, narudi ndani bado naimba.

Kabla hamjaniamini sana, niwaambie kwamba sikusomea. Nilijifunza kwa kutazama watu mtandaoni na kwa kuogopa. Jina langu kwa Kinyakyusa lina nguvu ndani yake, lakini mwenye jina aliumbwa kwa wasiwasi mtupu. Nilikuwa mtu wa kumaliza video, kuiangalia, kuona msanii mmoja kapepesa jicho vibaya, kuifungua upya, kurekebisha, kuiangalia tena, kugundua kwamba sasa sauti imetangulia mdomo, kuifungua tena. Mama alikuwa anapita mlangoni ananikuta nimeshika kichwa. "Nani kafa?" anauliza. "Hakuna, Mama. Ni fremu." Anaenda zake akisikitika, anawaambia majirani kwamba Fremu ni msichana anayenitesa.

Aliyeniokoa ni Dada Tumpe. Wazee wa Msasani yetu ya Tukuyu mnamkumbuka: kibanda chake kilikuwa kinapiga picha za pasipoti, kinaweka nyimbo kwenye memori kadi, kinatoa kopi, na ukutani kilikuwa na televisheni kubwa kuliko kibanda chenyewe. Mimi nilikuwa na kijikona nyuma ya mashine ya kopi. Dada Tumpe hakujua kuhariri hata sekunde moja. Alichokuwa nacho ni simu iliyopasuka kioo, ya bei ya chini kabisa, na alikataa kuibadilisha kwa makusudi. Kila video yangu ilipita hapo kwanza.

"Wateja wako wana simu kama hii," alisema, akiipunga usoni kwangu. "Wewe unatengeneza video kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya laptopu yako? Basi ioe."

Hilo ndilo somo la kwanza na mliandike ukutani: tazama kazi yako kwenye simu mbovu, juani, nje, na mtu mwingine akiwa ameishika. Ikikubali hapo, itakubali popote.

Somo la pili nilijifunza kwa aibu zaidi. Baada ya kuacha kusukuma vitelezi, nilikimbilia upande wa pili. Kulikuwa na mwalimu mmoja mtandaoni, mtu mzuri, anayejipiga video amekaa mbele ya ukuta mweupe. Akasema picha ya mistari 1080 inatosha, fremu ishirini na tano, na data ya biti milioni nane kwa sekunde. Nikaandika, nikakariri, nikaanza kumhubiri. Kwake ilikuwa kweli tupu. Ukuta mweupe haufanyi chochote. Unaupa data kidogo unashukuru, unakaa kimya.

Sasa njoo kwetu. Mnajua Rungwe inavyokaa mbele ya kamera? Majani ya chai, kila moja lina ukingo wake unaong'aa. Nyuma ya chai, migomba inayopungia upepo. Juu ya migomba, ukungu unaotembea. Mbele ya vyote, manyunyu. Na katikati tunasimamisha kwaya nzima yenye vitenge vya maua madogomadogo, tunaiambia icheze! Kompyuta maskini inatakiwa kukumbuka kila tone na kila ua kwa biti zilezile ulizopewa ukuta wa yule mwalimu. Haiwezi. Inaanza kubahatisha. Inachukua majani kumi inayafanya baka moja la kijani, inachukua uso inauunganisha na kitenge. Chai inageuka uji.

Kwa hiyo, wadogo zangu, msikariri namba ya mtu bila kutazama alichokuwa anapiga. Mtu anaongea akiwa amekaa, biti milioni nane ni karamu. Kwaya shambani kwenye manyunyu, nenda mpaka kumi na sita, na uchague ile njia ya kompyuta kupita video mara mbili. Mara ya kwanza inakagua tu wapi pana kazi nzito, mara ya pili ndiyo inagawa data. Ni kama mama anayepakua mbalaga, zile ndizi zetu za kupikwa: kwanza anazungusha macho mezani kuona nani katoka kulima na nani kashinda kitandani, ndipo anashika mwiko. Na fremu uzitoe kama ulivyozipiga. Niliwahi kupiga ishirini na tano nikatoa sitini ili "ilainike", waimbaji wakaonekana kila mmoja ana mzimu wake unaocheza nyuma kidogo.

Lakini yote haya nisingeyashika kama isingekuwa Bupe na yule mzee wa Kisiba.

Bupe alikuwa kiongozi wa sauti ya kwanza kwenye kwaya niliyokuwa naipigia video, mke wa rafiki yangu Lusajo. Baba yake Lusajo, Mzee Ambokile, ana shamba la chai na migomba Kisiba, na ni mtu wa kushika mila ya ukwe kama ilivyokuwa zamani. Nyie mlioolewa na kuoa juzijuzi mnakaa na wakwe sebuleni mnatazama mpira. Kwa Mzee Ambokile, mke wa mwanawe na yeye hawatazamani usoni, hawasemezani, na mke halitamki jina lake. Bupe akimsikia anakuja njiani, anaingia migombani mpaka apite. Hakuna chuki hapo. Ni heshima, na wote wawili waliishika vizuri, kwa mikono miwili.

Sasa Bupe alipopata uchungu wa mtoto wake wa kwanza, Lusajo alikuwa safarini na mambo yakaenda vibaya. Aliyesimama katikati ya barabara kwenye mvua kubwa na kulizuia gari la majani ya chai alikuwa Mzee Ambokile. Bupe akawekwa mbele na mama mmoja jirani. Mzee akapanda nyuma, juu ya majani, akakipa mgongo kioo cha dereva ili asimwone mkwewe, akanyeshewa njia nzima mpaka hospitali, akipiga bodi kwa ngumi dereva akipunguza mwendo. Mtoto alitoka salama. Mzee akarudi kwa miguu.

Na Bupe hajawahi kumwambia asante. Angeanzia wapi?

"Lusajo alimpelekea shukrani zangu," aliniambia siku moja kibandani, mtoto mgongoni ananivutia waya wa spika. "Unajua alijibu nini? Alisema 'Hm.' Kaka, nimelala na hiyo 'Hm' muda wote huu. Sijui ilikuwa 'Hm' nzuri au mbaya. Nataka anisikie mwenyewe. Kuimba hakuna aliyekukataza."

Akatunga wimbo. Haukuwa na jina la mtu ndani yake. Ulimshukuru Mungu kwa ajili ya "aliyekaa kwenye mvua ili mimi nisilowe". Kila mtu Kisiba angejua. Sharti lake lilikuwa moja: "Unipige kutoka nyuma. Uso wangu usionekane hata kidogo. Asije akaona namvunjia heshima kwa wimbo wa kumheshimu."

Tukapiga pembeni ya Ziwa Kisiba. Kwaya ilikaa kwenye chai juu, na mimi nikajibanza kwenye ukingo uliosimama kama ukuta, nikiangalia chini, Bupe akiwa amesimama kwenye jiwe lililoingia majini, mgongo kwangu. Maji yalikuwa yametulia kabisa. Alipofika kwenye neno "asante" akainama, taratibu, mpaka kiuno kikakunjika, akabaki hivyo. Mara tu alipoinuka, mvua ikaja na tukakimbia wote, sauti ya nne wakipiga kelele kuliko walivyoimba. Hatukupata nafasi ya kurudia.

Nikahariri kwa upendo wote. Kisha nikaharibu. Nilikuwa na haraka ya kumfikia Mzee, nikachukua faili kubwa nikalitupia kwenye kundi la simu la ukoo wa kina Lusajo, likaenda kama video ya kawaida. Mnajua programu hizo zinafanya nini: zinaipokea video yako, zinaikamua kama nguo, zinampa mwenzio maji. Jioni ile Lusajo akanipigia, anacheka mpaka anakohoa.

"Mzee kaitazama. Anauliza hao watu wenye majani kichwani ni kina nani."

"Na wimbo?"

"Anasema kasikia nyuki."

Mimi nilicheka. Bupe hakucheka. Alikaa kwenye kiti cha picha za pasipoti, mgongo umenyooka, kama anasubiri mwanga wa kamera. "Kwa hiyo asante yangu imefika uji," akasema.

Nilifanya kazi ile upya kama mtu anayeokoa nyumba. Picha ya 1080, fremu ishirini na tano kama nilivyopiga, biti milioni kumi na sita, kupita mara mbili, sauti ya biti elfu mia tatu na ishirini, na nikashusha sauti kidogo ili kilele chake kisipasuke; nyuki wale walitokana na mimi kupenda kelele. Hii ikawa nakala mama, ya kuhifadhi na ya kupandisha mtandaoni. Kutoka hiyohiyo nikatoa ya simu: 720, biti milioni mbili na nusu, ya kutumwa kama faili na si kama video, ili asiwepo wa kuikamua njiani. Kumbukeni hapo: ukihitaji ndogo, ipunguze mwenyewe kwa mkono wako, na uitoe kwenye nakala mama, si kwenye kopi ya kopi.

Nikaiweka nakala mama kwenye flashi, nikaichomeka kwenye televisheni ya Dada Tumpe. Mama yangu wee! Jani moja moja! Tone moja moja la umande! Niliruka, nikagonga mashine ya kopi, ikatoa karatasi nyeupe yenyewe. Dada Tumpe alikuwa anakula hindi. Tukafika kwenye kuinama. Akaacha kutafuna.

"Gwamaka. Huyo nani majini?"

Uso wa Bupe. Alipoinama juu ya maji yaliyotulia, uso wake wote ulikaa ziwani, kichwa chini, macho wazi, unang'aa. Kwenye uji haukuwepo. Kwenye laptopu yangu dhaifu nilihariri kwa picha ya ubora wa chini, nao haukuwepo. Niliyekagua kila jani la chai Kisiba sikuwa nimeuona. Nimeupika mwenyewe kwa biti milioni kumi na sita.

Bupe alipouona akapiga ukelele, akajifunika kanga, kisha akachungulia tena kwa jicho moja. "Nimependeza," alisema chini ya kanga. "Mungu wangu, nimependeza. Ufute!"

Nikajaribu. Nikafifisha maji, ikaonekana kuna maiti inafichwa. Nikakata picha, kuinama kukakatika pamoja na uso, na kuinama ndiyo asante yenyewe. Nikajaribu hata kushusha data mpaka kwenye uji, mimi, kwa mkono wangu, jasho likinitoka. Bupe akaona uji umerudi, akanishika bega.

"Acha, Kaka. Niliinama kwa heshima. Siwezi kumpa kipande cha asante. Akikasirika nitakasirikiwa nikiwa nimeshukuru."

Siku ya soko Mzee Ambokile alikuja Msasani na mikungu yake ya ndizi, Lusajo akamleta kibandani. Bupe alikuwa chumba cha nyuma, kati ya maboksi ya karatasi, pazia limeshushwa. Mzee akaingia, ndevu nyeupe, buti, koti la mvua.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Ndiyo wewe mwenye fidio ya nyuki?"

"Ndiyo mimi, Mzee. Nimetoa nyuki."

"Haya. Weka."

Nikaweka. Mzee alisimama karibu na televisheni, mikono nyuma. Chai ikapita, akatikisa kichwa: "Hilo ni shamba la jirani, halijapaliliwa." Kwaya ikapita. Kisha ziwa, mgongo wa Bupe, sauti ya Bupe, safi, peke yake. Aliyekaa kwenye mvua ili mimi nisilowe. Mzee akavua kofia. Bupe kwenye picha akainama. Uso ukatokea majini, mkubwa kama dirisha, unamwangalia moja kwa moja.

Hakugeuka. Wimbo ukaisha.

"Rudisha."

Nikarudisha. Akatazama tena, amesogea zaidi.

"Rudisha."

Nilishindwa kuvumilia. Wasiwasi wangu una mdomo wake. "Mzee, samahani, pale kwenye maji, mimi sikukusudia, ni ubora wa picha, pale kuna..."

"Pale kuna nini?"

"Kuna..."

"Kuna ziwa," alisema Mzee Ambokile. "Nimezaliwa pale. Nimelitazama ziwa lile kabla baba yako hajaota meno. Leo nani atanikataza kulitazama?"

Dada Tumpe alipasuka kwa kicheko, punje za mahindi zikaruka. Lusajo akageukia ukutani, mabega yanamtikisika. Mzee akavaa kofia yake taratibu, akaliangalia pazia la nyuma, yaani aliangalia kamba ya pazia, juu kabisa, na akasema kwa sauti ya mtu anayeongea na mtaa mzima:

"Mwambieni huyo anayeimba kwamba majani ya chai yalikuwa laini. Mvua ile haikuwa kitu. Ndaga fijo." Hiyo kwa Kinyakyusa ni asante sana.

Nyuma ya pazia boksi la karatasi lilianguka. Mzee alikuwa ameshatoka, anauliza nani kamchukulia mkungu wake.

Video ile tuliipandisha mtandaoni kama ilivyo, na ile ndogo ikaenda kwenye kundi la ukoo kama faili. Dada Tumpe aliitazama kwenye kioo chake kilichopasuka na kusema, "Hii oa."

Kilichobadilika tangu wakati ule ni hiki. Mimi nimeacha kuhariri, nakuza parachichi, na mtu akiniuliza achague nini kwenye kurenda namuuliza kwanza kapiga nini na atakayetazama ni nani. Bupe bado anaingia migombani Mzee akipita. Ila sasa Mzee akifika pale anapunguza mwendo, anaanza ule mstari wa mvua kwa sauti yake mbaya, na kutoka migombani mtu anaumalizia.